UZI: ASEC Mimosas, shule ya mpira ya Abidjan iliyotuletea Aziz Ki, Pacome na Yao, ilitoka wapi na sasa hivi imefikia wapi

Nahodha wa Mbagala:

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuahidi siku nyingi kwenye ule wa usajili, leo nimepata nafasi naushusha wote, wenye haraka mtasoma kidogo kidogo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kila dirisha likifunguliwa huku Bongo nasikia watu wanasema "tuletewe mtu wa ASEC" kama vile ASEC ni duka la jumla pale Kariakoo, unaingia unachagua unaondoka. Wengi wanamjua Pacome, wanamjua Aziz Ki, ila hiyo timu yenyewe hawaijui kabisa, na mimi ni timu ambayo nimeifuatilia tangu nikiwa dogo, na naipenda, nasema wazi.

Mimi nilianza kuisikia 1998. Yanga ndo imeingia makundi ya klabu bingwa Afrika, timu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua hiyo, na kwenye kundi wakapangwa na Raja Casablanca, Manning Rangers ya Afrika Kusini na hao ASEC. Tulikuwa tunasikilizia redio kwa kinyozi mtaani, watu wamejazana mpaka nje, mtangazaji akiwa anayataja yale majina ya Kifaransa sisi tunacheka hatujui tunachekea nini. Yanga ikamaliza mkiani. ASEC wakaongoza kundi, na enzi hizo anayeongoza kundi anaenda moja kwa moja fainali hakuna cha robo wala nusu, wakakutana na Dynamos ya Zimbabwe. Harare suluhu, Abidjan ASEC wakashinda 4-2, kombe likabaki Ivory Coast. Mimi kichwani nikabaki na kitu kimoja, wale waliotuonea sisi ndo mabingwa wa Afrika, nikaanza kuwafuatilia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Timu ilianzishwa Mei 1948 Abidjan, enzi za mkoloni Mfaransa bado yupo. Ile ASEC ni kifupi cha Kifaransa, maana yake ni umoja wa michezo wa wafanyakazi wa biashara, yaani makarani na wauzaji wa maduka na makampuni ya biashara. Mimosas ni lile ua la njano, ndo maana jezi ni njano na nyeusi mpaka leo. Mashabiki wao wanajiita Actionnaires, wenye hisa, kwa hiyo ukimkuta mama anauza samaki sokoni Abidjan ana skafu ya njano, huyo kwa hesabu zake ni mwenye hisa wa klabu.

Mtani wao ni Africa Sports, kijani na nyekundu, tai. Hiyo dabi ndo Kariakoo dabi yao. Na Africa Sports siyo wanyonge kwenye historia, wana Kombe la Washindi Afrika mara mbili, 1992 na 1999. Halafu kuna Stade d'Abidjan ambao ndo walikuwa wa kwanza nchini kwao kubeba ubingwa wa Afrika, 1966. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanadhani ASEC ndo timu peke yake kule.

Mtu wa kwanza mkubwa kutoka ASEC ni Laurent Pokou. Huyu kwenye kombe la mataifa ya Afrika, AFCON, ya 1970 aliifunga Ethiopia goli tano kwenye mechi moja. Tano! Akamaliza na jumla ya goli 14 za AFCON, na hiyo rekodi haikuguswa mpaka Eto'o alipokuja kuipita 2008, karibu miaka 40. Amefariki 2016, na ule uwanja wa San Pédro uliochezewa AFCON ya 2023 una jina lake.

Naendelea post inayofuata.

Nahodha wa Mbagala:

Sehemu ya pili, na hapa ndo penyewe.

1989 anaingia rais anaitwa Roger Ouégnin. Kabla yake ASEC ilikuwa imekaa miaka mingi bila ubingwa, wa mwisho ulikuwa 1980. Jamaa akamleta kocha Mfaransa Philippe Troussier, huyu huyu aliyekuja kuwa kocha wa Japan kombe la dunia 2002. Wakabeba ubingwa 1990, 91, 92, na Troussier alipoondoka gari halikusimama, 93, 94, 95. Katikati hapo kuna rekodi ambayo nikiwaambia watu vijiweni wanabisha: mechi 108 za ligi bila kufungwa. Kuanzia 1989 mpaka Juni 1994 hakuna timu iliyowafunga kwenye ligi, mpaka walipokuja kufungwa na SOA, timu ya jeshi. Mia na nane wakuu. Mtoto aliyezaliwa rekodi inaanza alikuwa anaelekea kuanza shule hajawahi kuona ASEC inafungwa ligi.

Lakini Afrika walikuwa wanagonga mwamba. 1995 walifika fainali na Orlando Pirates, Johannesburg wakatoka 2-2, kila mtu anajua kombe limeshafika Abidjan, wakafungwa moja nyumbani, Jerry Sikhosana ndo aliyeua. Nimewahi kuongea na mzee mmoja wa Kiivory Coast pale Dar, anafanya biashara za vitenge, hiyo mechi mpaka leo akiitaja anatikisa kichwa.

Sasa huku wakiwa wanatafuta kombe la Afrika, Ouégnin alishafanya kitu kingine kikubwa zaidi ya kombe. Miaka ya 93, 94 hivi akaungana na Mfaransa mwingine, Jean-Marc Guillou, mchezaji wa zamani wa Ufaransa, wakafungua akademi pale pale kambini kwao Sol Béni, M'Pouto, pembeni ya maji kule Abidjan. Watoto wanachaguliwa wachache sana, wanaishi pale, wanasoma pale shule ya kawaida kabisa na hesabu na Kifaransa, na mpira wanacheza PEKU. Ndio, bila viatu. Guillou alikuwa anaamini mguu ukigusa mpira bila kiatu unajifunza kuusikia, na mtoto ili apewe viatu lazima afaulu mitihani ya danadana na kumiliki mpira. Sisi huku mtoto kucheza peku tunaona ni umaskini, wenzetu wakaufanya mtaala.

Matunda yake yalionekana Februari 1999. ASEC kama bingwa wa Afrika anatakiwa kucheza Super Cup na bingwa wa Kombe la Washindi, Espérance ya Tunisia, Abidjan. Wakati huo wachezaji wengi wa ile timu ya ubingwa wameshauzwa. Guillou akawaingiza watoto wa akademi. Kina Kolo Touré, Didier Zokora, Aruna Dindane, vijana wa miaka 17, 18, dhidi ya Espérance yenye watu wazima wa timu ya taifa. Watu wakasema huyu mzungu amechanganyikiwa, anaenda kuwaaibisha. Mechi ikaenda dakika za nyongeza, watoto wakashinda 3-1. Mimi nikiulizwa ni mechi gani ya Afrika ningependa niwe nimekaa jukwaani, nasema hiyo.

Baada ya hapo ni mvua. Kolo akaenda Arsenal 2002 na akawa kwenye ile timu iliyomaliza ligi bila kufungwa. Guillou akachukua uendeshaji wa timu moja ya Ubelgiji, Beveren, akaijaza vijana wa Abidjan, walipita pale Yaya Touré, Eboué, Gervinho, Romaric, Yapi Yapo, kipa Barry Copa. Timu ndogo ya Ubelgiji inaingia uwanjani na Waivory Coast nane, tisa, na 2004 wakafika fainali ya kombe la Ubelgiji. Salomon Kalou yeye akapitia Feyenoord mpaka Chelsea.

Fainali ya UEFA 2006 Paris, Arsenal na Barcelona, beki ya Arsenal ilianza na Kolo Touré na Emmanuel Eboué. Watoto wawili wa M'Pouto waliocheza peku kiwanja kimoja. 2012 Kalou akaanza fainali Munich na akabeba. Yaya ndo usiseme, mchezaji bora wa Afrika mara nne mfululizo, 2011 mpaka 2014.

Tafadhali wenye maswali shusheni nimalizie na hali ya sasa.

Msimbazi Damu:

Mkuu Nahodha heshima kwako, nimesoma yote nimesimama kwenye daladala. Naongeza hapo kwa Copa Barry, AFCON 2015 fainali na Ghana kule Bata, ilienda penalti mpaka makipa wakapigiana, Barry akadaka ya kipa wa Ghana halafu akaenda kupiga ya kwake akafunga, 9-8. Na alikuwa ameanza tu kwa sababu kipa namba moja aliumia. Nililia bila sababu, mimi Mtanzania ndugu yangu.

Halafu usisahau sisi Simba tumewahi kukutana na ASEC tangu 2003, ule mwaka tulimtoa Zamalek bingwa mtetezi, tukaingia makundi na ASEC, Enyimba na Ismaily. Enyimba ndo akawa bingwa.

Nahodha wa Mbagala:

Msimbazi Damu asante sana mkuu, hiyo ya Barry nilitaka kuiweka nikaona uzi unakuwa mrefu. Na Simba nyie ndo mnawajua ASEC kuliko sisi wa Jangwani, Yanga, kwa kweli, nakuja huko sasa.

Mwisho wa Reli:

Samahani mkuu, ile ya 1998 na Dynamos usipite juu juu. Wazimbabwe mpaka leo wana kinyongo na ile fainali. Kapteni wao Memory Mucherahowa alipigwa kichwa kwenye vurugu wakati wa kupasha misuli kabla mechi haijaanza, akazimia akapelekwa hospitali, Dynamos wakacheza bila kapteni wao. Kuipenda timu siyo kuficha.

Nahodha wa Mbagala:

Mwisho wa Reli uko sahihi kabisa na nashukuru umeliweka. Sikutakiwa kuliruka. Ni doa na litabaki doa kwenye lile kombe, na ndo kombe lao pekee la klabu bingwa mpaka leo. Mucherahowa alistahili kucheza fainali yake.

Haya, hali ya sasa.

Kwanza ifahamike kwamba ASEC ana ubingwa wa ligi 29, hakuna wa kumkaribia kule. Ila miaka ya 2000 mwanzoni Guillou na Ouégnin walishaachana, na ingawa timu ilibeba ligi saba mfululizo 2000 mpaka 2006, baada ya 2010 ikaja njaa. Miaka sita hakuna ubingwa wa ligi. Walibeba Africa Sports, wakabeba Séwé ya San Pédro mara tatu, wakabeba Tanda mara mbili. Nchi yenyewe ilikuwa imetoka kwenye vita, timu haina hela, akademi inatoa vijana lakini siyo kama kile kizazi cha kwanza, na kizazi kama kile sidhani kama kitarudi mahali popote, maana walikuwa wanachukuliwa watoto bora wa nchi nzima hakuna mshindani, leo Abidjan kila kona kuna akademi.

Wakaamka 2017 na 2018, halafu chini ya kocha Mfaransa Julien Chevalier wakabeba mitatu mfululizo, 2021, 2022, 2023. Hapa ndo sisi tukaanza kukutana nao. Februari 2022 kombe la shirikisho kwa Mkapa, Simba 3 ASEC 1, ile siku Sakho wa Simba alipiga tikitaka iliyokuja kuchaguliwa goli bora la mwaka la CAF. Marudiano yakapigwa Cotonou, Benin, kwa sababu kwao viwanja vilikuwa havijaruhusiwa, na kule Simba akala tatu bila, Aziz Ki na Karim Konaté wakiwa uwanjani. Na bado ASEC ndo akatoka kwenye makundi, Simba na Berkane ya Morocco wakapita na pointi 10, yeye 9. Fikiria mechi zako za nyumbani unachezea nchi ya watu halafu unatoka kwa pointi moja.

Msimu ukaisha Aziz Ki akaja Yanga, Konaté akaenda Salzburg. Timu nyingine ingekufa. Msimu uliofuata wakafika NUSU fainali ya shirikisho, wakatolewa na USM Alger, hao hao waliokuja kutuumiza sisi Yanga kwenye fainali kwa goli la ugenini. Msimu ukaisha, Pacome na Yao wakaja Yanga, Aubin Kramo akaenda Simba. Tena timu nyingine ingekufa. Msimu uliofuata, 2023/24, ASEC anaingia makundi ya klabu bingwa na Simba, Wydad na Jwaneng Galaxy, na anaongoza kundi kwa pointi 11. Dar 1-1, Abidjan bila bila.

Mnakumbuka ile wikiendi ya Februari 2024? Ijumaa ASEC na Simba suluhu Abidjan, Jumamosi kwa Mkapa ndo ile Pacome Day, watu wamepaka nywele blichi kama yeye, wazee kwa watoto, tukampiga Belouizdad nne. Mtoto wa ASEC anaabudiwa Dar es Salaam na timu yake ya zamani inaongoza kundi bila yeye. Na Aprili, Yanga anatolewa na Sundowns kwa penalti baada ya suluhu mbili, lile goli la Aziz Ki likiwa limekataliwa, wikiendi hiyo hiyo ASEC naye anatolewa na Espérance kwa penalti baada ya suluhu mbili.

Sasa tatizo lao ninavyoliona mimi. USM Alger nusu fainali: bila bila, halafu mbili bila. Espérance: bila bila, bila bila. Mechi nne za mtoano hawajaona nyavu hata mara moja. Straika wao Sankara Karamoko alikuwa anawaka kwenye makundi, Januari wakamuuza Wolfsberger ya Austria, KABLA ya robo. Unaenda kucheza na Espérance umeshauza bunduki. Hilo ndo linaniuma, kwa sababu ulinzi ule ulikuwa unatosha kufika fainali.

Binti Makorora:

Mimi nakupinga hapo kaka yangu. Kwenye nusu ya USM Alger Pacome alikuwepo, Kramo alikuwepo, na goli halikupatikana. Kwa hiyo siyo suala la kuuza tu. Timu za Afrika Kaskazini zinajua kuua mechi, ugenini zinakaa nyuma, zinapoteza muda, kwao zinakumaliza. Hata 2025 ASEC katolewa robo ya shirikisho na RS Berkane, hao hao wakaja kumfunga Simba fainali. Angalia mfuatano: aliyemtoa 2023 akawa bingwa, aliyemtoa 2024 akafika fainali, aliyemtoa 2025 akawa bingwa. Hatolewi na vibonde.

Na hela za kumbakisha Karamoko watoe wapi? Ligi yao mashabiki uwanjani wachache, haki za televisheni siyo kama hizi za Azam huku kwetu. Wasipouza watoto hawalipi mishahara.

Nahodha wa Mbagala:

Dada Makorora umenibana na nakubali nusu. Kwenye ya 2023 kweli walikuwepo, hiyo hoja yangu haisimami pale. Huo mfuatano wa waliowatoa sikuwahi kuupanga hivyo kichwani, asante.

Nusu nyingine nang'ang'ania. Kuuza lazima wauze, ndo walivyoamua kuishi tangu enzi za Guillou, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni Januari. Mngoje Juni. Robo fainali ya klabu bingwa nayo ina hela ya CAF, na ukipita unamuuza yule yule kwa bei kubwa zaidi.

Mtani wa Jangwani:

Swali wakuu, kwa nini wachezaji wazuri hivi wanakuja kwetu na siyo Ulaya moja kwa moja? Yaani Pacome mchezaji bora wa ligi yao anakuja Dar?

Nahodha wa Mbagala:

Mtani, umri. Ulaya wanataka wa miaka 18, 19. Konaté kaenda mapema, Odilon Kossounou kaenda Sweden mapema 2019, leo ana ubingwa wa Ujerumani na Leverkusen bila kufungwa na AFCON mwaka mmoja. Wanaochelewa kukomaa, au walioumia wakarudi nyuma, wakifika miaka 25, 26 ni wachezaji wazima kabisa lakini Ulaya hawawaangalii tena. Hapo ndo Yanga na Simba wanaingia, na mshahara wa Dar kwa sasa ni mkubwa kuliko wa Abidjan, mechi zinaonyeshwa kila wiki, uwanja unajaa. Aziz Ki alikuja akafunga 21 ligi ya 2023/24, akawa mfungaji bora, na kutoka hapa akaenda Wydad akacheza kombe la dunia la vilabu. Kwa hiyo njia ipo.

Msimbazi Damu:

Ila wengine wanakuja hawapati bahati. Kramo kwetu majeraha yalimmaliza, alikuwa mchezaji haswa, wale waliomuona Cotonou siku ile wanajua.

Mwisho wa Reli:

Nahodha, una uhakika watoto wa akademi bado wanacheza peku mpaka leo? Nina kituo kidogo cha watoto huku Kigoma, 23 wanakuja kila jioni, na viatu vipo jozi 9. Nilikuwa nawapa kwa zamu na wengine wanakaa pembeni.

Nahodha wa Mbagala:

Mwisho wa Reli, mimi ninachokijua kwa uhakika ni enzi za Guillou, na ndizo zilizomtoa Kolo na Yaya. Wavue viatu wote mkuu. Okoteni mawe na vigae kiwanjani kwanza, mfagie, halafu wote 23 waingie peku. Weka mtihani wa danadana, anza na hamsini bila kudondosha, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Viatu jozi 9 viweke kabatini, atakayefaulu kwanza ndo avae. Ukianza leta picha hapa hapa kwenye uzi, nitafurahi sana kuwaona.